Mlima Ulipochanua Njano

Siku ya sita ya msako Fundi alisema amechoka kukaa kwenye benchi la ofisi ya lango la mlima akinyweshwa chai kama mgonjwa. Angepanda mwenyewe. Mkuu wa waokoaji, mwanamume mpole mwenye midomo iliyopasuka kwa upepo, alimweleza mama huyo kwamba kufika kileleni ni mwendo wa saa tano, na magoti yaliyoshinda chini ya cherehani miaka thelathini hayafai kwa kazi hiyo. Fundi akamjibu kuwa magoti ni yake na mtoto ni wake. Basi wakapanda.

Mtoto mwenyewe alikuwa kitindamimba wake, mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na sita, asiyesikia la mtu maua yakichanua. Kila mwaka mvua zikikatika alipanda kuyaangalia. Safari hii alikwenda peke yake. Aliaga Jumamosi asubuhi, na jioni hakurudi.

Mkuu alitangulia, Fundi akafuata, na nyuma akaja mdogo wake Fundi, ambaye ukoo mzima humwita Redio kwa kuwa hazimiki. Siku hiyo alikuwa amezimika.

Siku ya kwanza, Mkuu alipouliza binti amevaa nini, Fundi alijibu haraka, tena kwa fahari kidogo, maana koti alilishona kwa mkono wake. La njano, njano ya kuumiza macho, lenye kofia na mifuko ya zipu. Binti alitaka jekundu, na vitambaa vyote viwili vilikuwa pale juu ya meza ya kukatia. "Jekundu la nini, unakwenda kutafuta mchumba?" Fundi alimtania. "Vaa njano, mwanangu. Hata kipofu atakuona." Mkuu aliliandika lile neno, akalitazama, kisha akafunga daftari bila kuinua uso. Fundi alidhani mtu wa watu amechoka tu.

Saa mbili za kwanza zilikuwa za msitu na matope, na Fundi alipanda vizuri, akijipa moyo. Kisha miti ikaisha.

Mteremko wote ulikuwa njano. Kuanzia miguuni pao mpaka kwenye miamba ya juu, maua yalisongamana, marefu ya kumfika mtu kiunoni, na rangi yake ilikuwa ileile ya koti, haikuzidi wala haikupungua. Mtu aliyelinganisha uzi na kitambaa maisha yake yote hahitaji kuelezwa. Fundi alikaa chini, hapohapo njiani.

"Dada, inuka," alisema Redio.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Nimemficha mwenyewe. Mwanangu nimemficha kwa mikono yangu."

Redio aliinama. Alimshika kwapani, akamwinua.

Toka hapo kupanda kukawa adhabu. Kila upepo ulipoyalaza maua, Fundi aliona bega. Mara nne aliacha njia akakimbia, akiita mpaka sauti ikakwama, na mara zote nne alikuta maua. Mara ya tano alimtuma Redio, naye akarudi akitikisa kichwa. Watu husifu uzuri wa mlima ule wakati huo wa mwaka, nao ni mzuri kweli, lakini Fundi angekuwa na panga angeufyeka wote, bua kwa bua, bila kupumzika.

Kileleni waliwakuta mume na mke waliopanda kutalii, wakipigana picha.

"Mama, mna bahati!" alisema yule mke. "Wanasema hayajawahi kuchanua hivi!" Akampa Redio simu awapige wakiwa wawili. Redio akawapiga, kwa kuwa hakujua namna ya kukataa, huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Wenyewe walidhani ni upepo.

Fundi alitazama pande zote nne. Njano, njano tu.

"Mkuu," alisema, "angevaa jekundu, mngemwona?"

"Mama, hilo tuliache."

"Nimepanda mpaka huku. Nijibu."

Mkuu alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Tungemwona. Kwa darubini, kutoka hapa hapa, siku ile ya kwanza."

"Akiwa hai?"

"Siku ya kwanza... huenda."

Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini huyu hakungoja kuwa mjukuu. Alikuja siku hiyohiyo, akamkalia kifuani. 

"Leo tunasimamisha msako," Mkuu alisema taratibu. "Watu wangu wamepita hapa mara tatu, na hatuoni kitu. Maua yatanyauka baada ya wiki tatu hivi, mlima utabaki kahawia. Hapo tutarudi, nakuahidi." Alisita, akamwangalia Redio kama anayeomba msaada, kisha akamgeukia tena Fundi. "Samahani, mama, sina budi kuuliza. Kile kitambaa kikikaa juani, kikanyeshewa, kinapauka?"

Hapo Fundi akaelewa kwamba hakuna tena aliyekuwa akimtafuta binti yake. Wangerudi kutafuta koti.

"Hakipauki," alisema. "Nilimchagulia kizuri."