Bandari Kavu

Jumatatu saa tatu asubuhi, mshonaji wa kikosi cha majini alikuwa na pini nne mdomoni, anafumua mkono wa koti jeupe ili aongeze mstari wa dhahabu. Ulikuwa mstari wa nne. Ijumaa mwenye koti, kapteni, angeapishwa kuwa admirali, mkuu wa kikosi kizima. Mistari yake yote aliishona mshonaji huyu, tangu bwana huyo ni luteni mwembamba mpaka sasa tumbo limemtangulia mlangoni.

Alilinusa koti kwapani. Halikunuka kitu.

"Mama, mtu gani hatoki jasho?" alimwuliza mama mkwe wake, aliyekuwa akiokota nyuzi sakafuni.

"Maiti. Na huyo wako bado anakula."

Maji yalianza kumkwepa kapteni zamani, alipopata mstari wa pili, angali luteni. Aliupata baada ya meli aliyokuwa akiiongoza kuzama pale pale kwenye mlango wa bandari. Ikasemwa watu wote waliokolewa, luteni akasifiwa magazetini. Aliyekosekana ni mmoja tu, makanika, mume wa mshonaji. Luteni akaandika kavukavu kwenye ripoti kwamba chumba cha mitambo kilikuwa kitupu, makanika alitoroka siku moja kabla ya safari. Mbele ya jina la mume likawekwa neno moja, mtoro, na mshonaji akawa mke wa mtoro hadi sokoni. Lakini asubuhi ya safari ndiye aliyemshonea kifungo cha ovaroli kwa uzi mwekundu, mweupe ulikuwa umekwisha, akamwona akiteremka kwenda bandarini huku anatafuna mkate.

Tangu hapo mvua ikawa inanyesha kulia na kushoto kwa luteni. Wenzake walipenda kutembea naye masika. Kunywa kukawa taabu, akawa ananyonya machungwa, nayo kwa kuyashtukiza. Alipokuja kupimwa mstari wa tatu, mshonaji alimkaribisha chai. Alipoinua kikombe, chai ilisogea upande wa pili ikasimama wima.

"Imepoa," alisema, akakiweka chini.

"Imepoa na mvuke wake, afande?"

"Wewe shona tu, shemeji." Wake wa mabaharia wote aliwaita shemeji.

Mshonaji alishona, lakini toka siku hiyo akawa anamtazama kwa pembe ya jicho.

"Kitendawili," alisema mama mkwe.

"Tega."

"Nyumba yangu komeo liko nje, mwenyewe yuko ndani."

"Jela. Kila siku nakujibu jela."

"Siyo. Nipe mji."

Alianza kukitega mwaka aliopotea mwanawe. Jibu hakuwa nalo mwenyewe, alijua tu kwamba siyo jela.

Ijumaa, kapteni alipokanyaga gati na koti lake la mistari minne, bahari ilirudi nyuma. Haikufanya fujo, ilijikusanya kama mtu anayevuta shuka lake, ikaenda zake. Manowari zilikaa kwenye tope, moja ikaegemea nyingine. Bendi iliendelea kupiga. Msema chochote wa sherehe aliwaomba wageni waangalie viatu vyao, na kapteni akala kiapo kwa macho makavu.

Kwenye mlango wa bandari ile meli ya zamani ilikuwa imelala ubavu. Mshonaji na mama mkwe walipandisha nguo magotini, wakaifuata. Mlango wa chumba cha mitambo ulikuwa umetiwa komeo la chuma, kwa nje. Mama mkwe alilitazama kitambo.

"Haya," alisema. "Mji siutaki tena."

Walilisukuma wote wawili. Ndani walimkuta. Hakuwa amebaki mwingi, lakini ovaroli ilikuwepo, na kifungo cha pili kilikuwa na uzi mwekundu.

Jumatatu waliipeleka kwa karani wa kumbukumbu. Karani aliipapasa, akaipapasa tena.

"Mama, hii nguo kavu."

"Bahari imeondoka, mwanangu," alisema mama mkwe.

"Najua, nimeiona. Sasa aliyezama na nguo kavu, mimi namwandikaje?"

"Na komeo la nje?"

"Komeo ni chuma. Vyuma viko ofisi ya pili."

"Basi futa hilo neno mtoro."

"Mtoro akirudi huja mwenyewe kujieleza. Ndivyo fomu inavyotaka."

"Si huyu nimemleta?"

"Umeleta ovaroli, mama."

Bahari haikurudi. Wizara ilibandika kibao kipya, BANDARI KAVU, na mabaharia wakawa wanang'arisha manowari zilizoshikiliwa na magogo. Mume walimzika. Ovaroli mshonaji aliifua, akaitundika chumbani juu ya cherehani. Haikukauka. Inachuruzika mpaka leo, maji ya chumvi, ndoo mbili kwa siku. Alimpelekea tena karani, ikidondoka. Karani alisogeza makaratasi yake yasilowe, akasema kweli imelowa, ila faili limeshafungwa.

Mwaka haujaisha, admirali akaja kupimwa mstari wa tano. Sakafu ilikuwa imejaa maji. Alipoingia yalikimbilia pembeni, yakajibana ukutani, akapita pakavu.

"Paa lako linavuja, shemeji?"

"Halivuji, afande," alisema mshonaji, akitoa pini mdomoni. "Ni mume wangu amerudi."

Admirali aliitazama ovaroli, akaangalia kifungo cha pili.

"Hongera," alisema, akanyoosha mkono apimwe.