Mkono wa Mkwe Maporomokoni

Dada yangu Beverly anafanya kazi katika hoteli moja Shelisheli, mwaka wa nne sasa, na kila Jumapili hututumia picha. Picha zenyewe ni maporomoko ya maji tu. Leo maporomoko ya upande huu wa kisiwa, wiki ijayo ya upande ule. Chini pana kidimbwi cha kijani, na pembeni hapakosi mgomba mnene kuliko wowote tulionao hapa kwetu Shianda. Mama huvaa miwani yake ya kusomea juu ya ile ya kawaida, anaitazama picha kwa muda, kisha anauliza yeye ataenda huko lini.

"Mama, huku ni kupanda na kushuka tu," Beverly humjibu. "Na hayo magoti yako?"

Mama yetu, Alice, si mtu wa kuambiwa habari za magoti. Hayo magoti yamepalilia miwa tangu kabla sisi hatujazaliwa, na bado yanapiga magoti kanisani kuliko ya padri. Jumapili moja alizima simu, akatangaza kwamba ataenda maporomoko ya Isiukhu, pale msitu wa Kakamega, na atapigwa picha akiwa amesimama juu ya jiwe, maji yakimwagika nyuma yake.

"Nikishuka huko na nipande, anitumie tiketi," alisema. "Na akikataa tena, nitajua hanitakangi."

Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo. Nikamwambia tutaenda Jumamosi, kisha nikamwandikia Beverly habari ya jiwe na tiketi.

Shida ilikuwa mtu wa kumshika njiani. Mimi nina mimba ya miezi saba na siku hizi hata viatu vyangu navitafuta kwa mguu. Aliyebaki ni mume wangu Sifuna, na Sifuna ni mkwe.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta kichaka. Watu wengi mjini wameyaacha mambo hayo. Mama hajayaacha. Lakini anayenishangaza ni Sifuna, fundi wa simu, kijana wa suruali za kubana, ambaye anaishika mila hii kuliko wazee wa ukoo. Mama akiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatokea wa jikoni. Wakilazimika kuongea, maneno yote hupitia kwangu, hata tukiwa sebule moja.

"Immaculate, mwambie mume wako mvua inakuja."

"Immaculate, mwambie Mama nimeiona."

Basi Jumamosi tukaenda. Sifuna ana pikipiki yake, lakini Mama hawezi kupanda nyuma ya mkwe, kwa hivyo mimi na yeye tulibebwa na bodaboda, na Sifuna akatufuata peke yake kwa mbali kama askari kanzu.

Mteremko wa kwenda mtoni Mama aliushuka kiubavu, mkono wake begani mwangu, na sijui ni nani alikuwa akimtegemea mwenzake. Sifuna alitangulia. Kila tulipomkaribia alikazia macho miti, akaisoma kama mtu atakayefanyiwa mtihani wa majani.

Kisha tukayaona maji. Mama alisimama. Amezaliwa huku, amezeeka huku, na hakuwa amewahi kufika. Yalikuwa yanashuka kwa nguvu, ya rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya mvua ya juzi, na hewa yote ilikuwa na manyunyu. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Mama aliangalia mpaka akasahau kuniegemea.

Jiwe zuri la kupigia picha lilikuwa ng'ambo ya mkondo mdogo, maji ya magotini, mawe yake yana utelezi. Mama alilitazama jiwe, akatazama tumbo langu, akafungua leso kiunoni.

"Mwambie mume wako ashike hii upande ule, na mimi nishike huku."

Nikageuka kupeleka ujumbe. Sifuna akaweka mkono sikioni. Nikarudia kwa kupaza sauti, naye akatikisa kichwa, kwa maana maporomoko yalikuwa yanameza kila kitu. Mama akachoka kusubiri.

"Sifuna," akaita, sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya shamba. "Kuja ushike leso."

Mume wangu aliruka kama ameitwa na mwalimu mkuu. Alikuja, akashika ncha ya leso kwa vidole viwili, uso umegeukia upande mwingine, na safari ikaanza. Mkwe mbele, mama mkwe nyuma, leso imenyooka katikati, heshima imekamilika. Mimi nilikuwa ukingoni na simu, nikicheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Katikati ya mkondo mguu wa Mama uliteleza. Leso ikachomoka kwenye vile vidole viwili. Nilipiga kelele, sikusikika. Sifuna aligeuka, akamdaka mkono, kisha kiuno, na Mama naye akamkaba shingoni kwa mikono yote miwili.

Walisimama hivyo, wamekumbatiana, maji yakipita. Hakuna aliyeweza kumwachilia mwenzake bila wote wawili kuanguka. Polepole Sifuna akampandisha Mama juu ya jiwe, na Mama akasimama wima, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, mkono wake bado umeng'ang'ania wa mkwe. Nikapiga picha.

Kupanda tulipanda kwa shida na kwa kupumzika sana, lakini magoti yalifika juu, ambako simu hushika mtandao. Mama akaiangalia picha.

"Huyu mtu mkate, atoke kwa picha."

Nikamkata Sifuna. Ukabaki mkono wa mwanamume usio na mwenyewe, umemshika Mama kwa upole.

"Hiyo ni mbaya zaidi," Mama alisema. "Beverly atadhani nimepata mzee." Akacheka. Sifuna naye akacheka, kisha akainama haraka kukagua mnyororo wa pikipiki. Mama akamwambia mgongo wake, bila kunipitia, "Utaniletea ingokho ya kulipia kunishika. Jogoo wa kienyeji." Kisha kwangu, "Tuma hivyo hivyo, na huo mkono."

Beverly alipiga simu papo hapo, ya kuonana. Alikuwa kwenye korido, amevaa sare, taulo zimejaa mkononi.

"Mama, umefika kwa jiwe?"

"Nimefika na nimetoka. Sasa tiketi."

Beverly alitazama huku na huku kwenye korido.

"Mama, si magoti," alisema. "Chumba changu tuko wasichana watano. Hakuna mahali pa kukulaza. Na hizo picha ni za wageni. Mimi nawaombanga tu wanitumie. Siku yangu ya kupumzika nafua, nalala. Sijawahi fika hata kwa moja."

Sifuna aliacha mnyororo, akasogea, akasimama karibu na Mama bila kukumbuka kwamba haruhusiwi. Mama alishika simu kwa mikono miwili, amelowa mpaka kiunoni.

"Kumbe mimi nimeona, na wewe bado."

"Ndiyo, Mama."

"Miaka yote hiyo nikilala nikifikiria hunitaki, kumbe mtoto wangu amechoka." Alivuta pumzi. "Basi kuja nyumbani, Beverly. Kuja ulale. Ukiamka nitakupeleka nikuonyeshe haya yetu."

Beverly alijifuta uso kwa taulo ya hoteli, akasema kesho asubuhi ataomba likizo.