Duara la Sufuria

Wanaume wengine Mungu awasamehe mwenyewe, sisi wengine hatuwezi. Agustino, mfanyabiashara wa Bukoba aliyekuwa akinunua jinzi soko la Zhanqian, mjini Guangzhou, China, na kuzituma Kariakoo, alimwita Domina jikoni mwaka ule wa 2006, akamwonyesha duara jeusi kwenye kaunta ya mbao, akasema kwa upole kwamba lazima lifutike kabla ya Jumapili. Mkewe, Kalista, anakuja.

Domina alilijua duara lile, si ndiye aliyelichoma? Majiko ya gesi ya Guangzhou hayataki mtu wa ugali. Ukikandamiza mwiko, sufuria inateleza. Kwao mtu huishusha chini akaibana kwa miguu. Yeye aliishusha kwenye kaunta, ya moto hivyo hivyo, akaishika kwa kitambaa, akasonga. Leo, kesho, miaka miwili. Mbao zikaungua.

"Kalista anajua mimi hata uji naunguza," Agustino alisema. "Akiliona hilo atajua kuna mwanamke."

"Kwani hayupo?" Domina aliuliza.

Hapo ndipo alipompaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kalista anakuja kutembea tu, wiki mbili, kisha anarudi. Akishaondoka, yeye Agustino atamweleza ukweli kwa simu, na washenga watakwenda kwa baba yake Domina. Avumilie kidogo. Na Domina, msichana aliyeletwa China kwa ufadhili wa masomo, mwenye akili zake timamu, akaamini neno kwa neno.

Kazi yenyewe aliijua, maana alikulia kwenye karakana ya useremala ya baba yake. Akakwangua weusi kwa wembe, akapiga msasa akifuata nyuzi za mbao, akipanua eneo kidogo kidogo ili pasibaki bonde la kushikika kwa kiganja. Shida ikaja kwenye rangi. Palipokwanguliwa pakawa peupe, na kaunta iliyobaki imekolea mvuke na mafuta ya miaka. Akaenda duka la rangi. Laoban, mwenye duka, akamjibu "mei you", hakuna, bila kuinua macho kwenye bakuli lake la tambi.

Akarudi, akachemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi tii. Akajaribu kwanza kwenye vibao alivyookota kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa jirani, akasubiri vikauke, akavitazama dirishani, maana taa hudanganya. Bado hafifu. Akachemsha tena. Alipaka, akakausha, akapaka, kisha akamalizia kwa mafuta ya mbao kaunta nzima, ili yote ing'ae sawasawa. Aliifanya kazi ile kwa moyo, maskini ya Mungu, kama anayetandika kitanda cha harusi yake.

Jumamosi akahamishia nguo zake hosteli ya chuo.

Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita. Simu zake hazikupokelewa. Akaenda mwenyewe nyumbani kwa Agustino. Aliyemfungulia ni Kalista mwenyewe, kanga kiunoni, na nyuma yake mapazia mapya yameshatundikwa. Huyo hakuja kutembea.

Agustino aliinuka mezani upesi. "Huyu ndiye yule fundi wa kaunta," akasema.

"Mimi si fundi," Domina alimwambia Kalista. "Nimeishi humu na mumeo miaka miwili. Nimempikia humu humu."

Kalista hakupandisha sauti. Alisema mume wake alishamwonya kwamba wapo wanafunzi wanaomsumbua, na kwamba ipo siku mmoja atakuja na maneno kama hayo. Kisha akamshika mkono, akampeleka jikoni polepole, kama anavyoongozwa mgonjwa. Agustino alibaki mlangoni, macho chini.

"Nimeikagua nyumba hii tangu nifike, mdogo wangu. Hakuna mwanamke aliyewahi kupika humu. Kama ulipika, nionyeshe."

"Kulikuwa na alama ya sufuria. Nimeifuta mwenyewe, aliniomba."

"Ilikuwa wapi?"

Domina akainama. Akatazama kwa mwanga wa dirishani, akapitisha kiganja, akakirudisha. Mbao zilikuwa laini, rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Akatafuta tena, taratibu, na hata yeye hakupaona.