Sakafu ya Kiwanda Ilipopandishwa

Usiku wa kuamkia leo niliota serikali imepandisha sakafu ya kiwanda chetu.

Ilikuja kama habari njema. Tulikuwa kwenye laini, mimi nikishona mifuko ya suruali kama kila siku, mara pasi kubwa ya mvuke ikajisimamisha mezani ikakohoa. Katika ndoto hiyo pasi ndiyo supavaiza wetu, na hakuna aliyeona ajabu.

"Kima cha chini cha mshahara kimepanda," ikasema. "Shikilieni cherehani zenu, sakafu inakuja juu."

Sakafu ikapanda. Tukapiga vigelegele. Mimi nililia, sina haja ya kuficha. Lile dirisha ambalo siku zote lilikuwa juu ya kichwa changu sasa liko usawa wa macho, na ninaona hadi getini, wanakosimama wanawake wanaotafuta kazi, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Mdogo wangu Umazi yumo, amevaa blauzi yangu ya bluu. Ni mwezi wa tatu sasa anakuja kusimama pale. Nampungia mkono.

Nageuka nimwonyeshe jirani yangu, kumbe nimo dukani. Kwa kuwa leo mimi ni mtu wa juu, nanyoosha mkono kwa madaha nichukue pakiti ya unga. Siifikii. Nasimama kwa ncha za vidole. Siifikii vilevile.

"Usijisumbue, umbali ni uleule," pakiti ikaniambia kwa upole. "Wewe umepanda, na rafu imepanda. Mimi sina neno nawe, dada. Mimi nimekaa tu."

"Rafu imepandishwa na nani?"

"Ilisikia redio."

Nikaona hilo ni jibu. Nikashukuru, na niliponyoosha mgongo niondoke, kichwa kikagonga bati. Nimerudi kiwandani.

Hapo ndipo pasi ilipotueleza yaliyobaki. Serikali inapandisha sakafu, ikasema, lakini paa ni la mwenye kiwanda, na mwenyewe hajaligusa. Wale warefu wakaambiwa waende nyumbani wakapumzike. Sisi wengine tukaendelea kushona tumeinama, kidevu kifuani. Mahali pa warefu ikaletwa mashine mpya inayoshona mifuko minne kwa pamoja, na kwa kuwa haina kichwa, paa haliisumbui. Niliisalimu. Haikuitikia.

Kisha nasikia sauti ya Umazi. Leo geti limefunguliwa, na wanawake wote wamekimbilia mlangoni. Lakini mlango umepanda pamoja na sakafu. Uko juu ya vichwa vyao, na wao wanaruka, wanaparura ukuta mpaka rangi ya kijani inabanduka.

"Dada!" ananiita. "Waambie mimi nitafanya kazi hata chini ya sakafu. Sitasumbua mtu."

"Chini ya sakafu haruhusiwi mtu," pasi ikasema. "Ni sheria, na ni sheria nzuri."

"Ni nzuri kweli," nikasema, maana ndiyo iliyoninyanyua.

Nikalala kifudifudi mlangoni, nikauteremsha mkono, nikamshika kiganja. Alikuwa mwepesi. Ningeweza kumvuta, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka sasa. Pasi ikasogea karibu na sikio langu, nikasikia joto lake.

"Akipanda mmoja, ashuke mmoja," ikasema. "Paa ni lilelile. Utashuka?"

Umazi aliyasikia hayo. Hakuniomba. Alinitazama vile anavyonitazama jioni ninapogawa ugali, akijifanya hana njaa.

Nikaifikiria kodi ya chumba, nikamfikiria mwanangu na shule yake, na kwa aibu yangu nikalifikiria lile dirisha. Ningependa kusema nilichukua muda.

"Rudi kesho," nikamwambia. Ndiyo maneno anayoambiwa na askari wa getini kila siku. Nikaanza kuachia vidole vyangu, kimoja kimoja. Yeye hakuviachia vyake.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na redio ya jirani ilikuwa inarudia ile habari ya mishahara mipya. Umazi alishavaa blauzi ya bluu, anachemsha chai huku amenipa mgongo.

"Dada, umesikia?" akasema. "Wameongeza. Leo nikipata, naanza na pesa mpya."

"Utapata," nikasema.

Akageuka kunipa kikombe, ndipo nikaziona kucha zake. Umazi hajawahi kulivuka geti la kiwanda chetu hata mara moja. Ule ukuta hajawahi kuufikia. Lakini chini ya kucha zote za mkono wa kulia mlikuwa na rangi ya kijani, mbichi bado.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Basi tu," nikasema. "Nawa mikono kabla hujaenda."

Nikakipokea kikombe, nikanywa nimeinama.