Jina la Aliyempokea Mtoto

Tangu amri ya wilaya isomwe mkutanoni, Saquina hakuzalisha tena nyumbani. Alikuwa amefanya kazi ya ukunga kwa miaka thelathini na minne katika kijiji kimoja kusini mwa mji wa Palma. Sasa kazi yake ilikuwa kumsindikiza mjamzito hadi kituo cha afya na kukaa naye mpaka ajifungue. Mkunga atakayezalisha nje ya kituo, walielezwa, atafutwa kwenye orodha ya wakunga na hataingia tena chumba cha uzazi. Wenzake walinung'unika. Yeye aliitii, maana wanawake wawili walishamfia kwa kutokwa na damu, na mmoja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mvua zilipochachamaa, uchungu ulimshika Wahida, mke wa fundi cherehani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Walitoka watatu: Wahida, mama mkwe wake na Saquina. Mto ulikuwa umejaa, pikipiki walizokodi zikashindwa kupita, wakavuka kwa miguu maji yakiwafika mapajani. Ng'ambo ya pili, kwenye shamba la muhogo, Wahida alichutama akasema hawezi tena. Saquina alitandika kanga kati ya matuta akampokea mtoto wa kike, ambaye alilia papo hapo.

Kondo la nyuma lilitoka, lakini damu haikukoma. Saquina alimkanda tumbo huku mama mkwe akiita watu waliokuwa wakipalilia jirani. Wanaume wanne wakambeba kwenye kitanda cha kamba. Kituoni Gracinda, nesi aliyehamishwa kutoka Inhambane, alimchoma sindano na kumtundikia maji. Kufikia adhuhuri damu ilikatika.

Ndipo Gracinda alipovuta fomu. Alipofika penye jina la aliyezalisha, kalamu ilisita.

"Bibi, nitaandika alijifungua mwenyewe njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Nikikutaja, wilayani watakufuta."

"Ukiandika hivyo watadhani njia inapitika," Saquina alijibu. "Andika ni mimi, shambani, kwa sababu mto umejaa."

Gracinda akaandika kama alivyoambiwa.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, kwa Kireno. Gracinda alimsomea polepole: jina lake limefutwa. Kuhusu mto barua haikusema lolote. Nesi alisema aliandika kulalamika mara barua ilipofika kituoni, na bado hajajibiwa. Saquina alimshukuru, akauliza kama mtoto wa Wahida anaongezeka uzito. Aliambiwa anaongezeka.

Wanawake waliendelea kumfuata. Aliwasindikiza kama kawaida, ila sasa aliishia kwenye benchi la nje, akisikiliza kupitia dirishani sauti alizozifahamu vizuri, mikono yake haina la kufanya. Hilo lilimuuma kuliko barua.

Kiangazi kilipoingia walikuja maofisa wawili wa wilaya, wakamwomba awaonyeshe pale alipovukia na Wahida. Aliwapeleka. Walipima upana wa mto kwa kamba, wakaandika, wakaondoka. Kuhusu jina lake hawakumwambia kitu, naye hakuwauliza.