Diski ya Kurudia

Neno lililomponza Mama Fundi ni dogo, na kila mtu analo mdomoni: kurudia. Alikwenda nalo dukani kwa muuza vyombo vya umeme, wiki ile kituo cha televisheni kilipotangaza kwamba kitaonyesha vipindi vyake vya zamani kwa mara ya mwisho, kabla ya kuzitupa tepu zilizooza. Katika kimojawapo, kipindi cha mafundi, alikuwamo marehemu mumewe, Seremala, mzima kabisa, anapiga randa na kuongea. Picha za mnato za marehemu zilikuwapo ukutani. Sauti yake haikuwapo popote duniani ila humo.

"Zipo aina mbili," muuzaji alimwambia, akazipanga diski juu ya kaunta. "Hizi ukisharekodi umerekodi, hazifutiki. Hizi nyingine bei imepanda kidogo, maana ni za kurudia."

"Hizo hizo za kurudia!" Mama Fundi alidakia. "Nataka nirudie mpaka nichoke."

Muuzaji akamfungia. Waliagana vizuri, kila mmoja akiamini ameeleweka.

Sasa, Mama Fundi ni mwoga, tuseme ukweli, wala yeye mwenyewe hafichi. Wakimcheka huwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Jioni ya kipindi alianza kurekodi tangu taarifa ya habari, asije akachelewa, ingawa zamu ya mumewe ilikuwa mwisho kabisa. Alipomaliza hakuandika kitu juu ya diski, kwa kuogopa kalamu itaikwaruza. Hakuitazama tena hata mara moja, kwa kuogopa itachakaa. Aliirudisha kwenye kasha lake, akaiweka juu ya televisheni, akamngoja binti yake apate likizo. Binti huyo alifiwa na baba kabla hajajua kutamka "baba", na sauti ile haikumbuki.

Leo binti alikuwa amekuja. Begi lilikuwa bado mlangoni, naye ameshakaa kwenye kochi, amefumbata mikono katikati ya magoti. Mama Fundi aliingiza diski, akabonyeza, akafumba macho ili sauti imkute ametulia.

Akasikia filimbi ya refa.

Alipofumbua macho aliona wanaume wawili waliovaa bukta wanagombania mpira. Alitazama kasha, akatazama kioo, akatazama kasha tena. Hakukuwa na diski nyingine nyumbani.

"Shemeji!" aliita. "Shemeji, njoo hapa!"

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikaa chumba cha uani, na watu walimwita Kidole kwa sababu hakuna kitufe alichokiona asikibonyeze. Aliingia akifuta sabuni shingoni, akaona mechi, akaona nyuso za mama na binti, na tabasamu lake likaishia njiani.

"Lakini si nilikuuliza, shemeji?" alisema polepole. "Ulikuwa kwenye cherehani. Nikakuonyesha diski, nikakuuliza, hii ni ya kurudia? Ukasema ndiyo. Tena ukacheka, ukasema hiyo ndiyo ya kurudia hasa. Basi mimi nikarudia."

Mama Fundi alikumbuka. Alikumbuka mpaka rangi ya uzi uliokuwa kwenye sindano. Alikuwa amemfuta mumewe kwa mdomo wake mwenyewe, na kicheko juu.

Binti ndiye aliyepata akili ya kumpigia muuzaji. Namba ilikuwa kwenye mfuko wa duka. Alisikiliza, akaitikia, akakata simu.

"Anasema kipya hula cha zamani kuanzia mwanzo. Pale mechi ilipoishia, cha zamani huenda kimebaki. Ila tusiguse kitu. Tusiikimbize, tusiisimamishe. Mashine hizi ni korofi, zikichokozwa zinaweza kuifunga diski yote. Tuiache icheze yenyewe." Akamgeukia Kidole. "Ba'mdogo, ulirekodi mechi nzima?"

"Kipindi cha pili tu. Nilichelewa kurudi."

"Basi tumaini lipo."

Kidole alikuna shingo. "Ilikuwa fainali," alisema.

Rimoti iliwekwa juu ya kabati, mbali na kila mtu. Kidole aliamriwa aikalie mikono yake, akaikalia. Wakatazama. Timu moja ilikuwa inaongoza kwa bao moja, na binti alinong'ona kwamba mambo yakiisha hivi hivi wamepona. Dakika zikayoyoma. Mama Fundi alianza kupumua. Ndipo mpira wa kona ukapigwa, kichwa kikainuka kati ya vichwa, na uwanja mzima ukalipuka kwa furaha. Sebuleni hakuna aliyefurahi. Siku yenyewe ya mechi Kidole aliruka kwa bao hilo mpaka akaangusha stuli. Leo aliinamisha uso.

"Sasa inakuwaje?" Mama Fundi aliuliza.

"Muda wa nyongeza, mama."

Hakuwahi kuuelewa mpira maishani, lakini hofu ilimfundisha upesi. Kila mpira uliorushwa ulikuwa unamla mumewe: kwanza benchi lake la kazi, kisha mikono, sasa labda mdomo. "Huyu naye anafunga kamba za viatu saa hizi? Si angezifunga kwao!" alifoka. Mchezaji mwingine akalala chini akishika goti. "Inuka, baba, inuka, nakuomba!" Jasho lilimtiririka mgongoni. Aliomba mtu yeyote afunge, wa upande wowote, hata kwa mkono.

Hakufunga mtu.

"Ba'mdogo," binti aliuliza, sauti imekauka, "nani alishinda?"

"Sisi," Kidole alijibu kama anayekiri wizi. "Kwa penalti."

Wapigaji wakaja mmoja mmoja, wakauweka mpira, wakauzungusha, wakarudi nyuma, wakafikiri. Mama Fundi alishika mkono wa binti yake. Kipa akadaka. Watu wakakumbatiana. Kombe likaletwa, maana Kidole alikuwa ameiacha mashine mpaka kombe linyanyuliwe, na lilinyanyuliwa taratibu mno.

Kisha kioo kikawa cheusi. Kikabaki cheusi.

Mashine ikakwaruza, na Seremala akatokea. Hakuwa na mwanzo. Maongezi yake yote yalikuwa yameliwa. Alikuwa ameipa kamera mgongo, anapiga randa, na pembeni, juu ya kitambaa, mtoto mchanga alianza kulia kwa ule mlio. Randa ikasimama. Akageuka.

"Usiogope, mwanangu," alisema. "Ni randa tu hiyo. Baba yupo."

Majina ya watengenezaji yakapita, kioo kikawa buluu.

Kidole alikuwa akilia waziwazi, bado amekalia mikono. Binti hakulia. Alikuwa amesogea mbele mpaka karibu aanguke kwenye kochi.

"Rudia, mama," alisema. "Tafadhali. Rudia."

Mama Fundi aliifuata rimoti juu ya kabati. Aliishika kwa mikono miwili, akatazama vitufe vyake vyote, vyenye mishale ya kucheza na vyenye nukta ya kurekodi. Dole gumba lake lilienda kushoto, likarudi, likasimama hewani.

"Kurudia kupi, mwanangu?" aliuliza, na hakuna aliyecheka.