Mukami Ataka Gari Refu

Ilikuwa Jumamosi ya pili mfululizo, na nilikuwa nimeshakataa magari manne. Kathuri, mwenye kutuuzia pale kwenye yadi ya magari ya Embu, alikuwa ameanza kunijibu kwa mkato. Sikumjali. Pesa zilikuwa zangu, za bonasi ya majani chai, na mtoto alikuwa wangu.

Mukami alitimiza miaka kumi na nane mwezi wa tatu, akapata leseni mwezi wa nane, na tangu Septemba anasomea ualimu hapo Embu mjini. Kila asubuhi anatoka kwetu, juu ya Kanja, na kupanda bodaboda mpaka Runyenjes, kisha anatafuta usafiri mwingine. Mvua ikinyesha, barabara yetu inakuwa sabuni. Mara mbili amerudi nyumbani na goti limechubuka, na mara ya pili mke wangu Nelius akaweka sufuria chini na kuniambia kwamba bonasi ya mwaka huu haitanunua ng'ombe.

Nasema Mukami ili msomaji aelewe, lakini mimi simwiti hivyo. Amebeba jina la mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe ninamwita Mami. Ni shida kumfokea mtu unayemwita mama. Unaanza kwa ukali na unamalizia kwa kuomba.

"Mzee Nyamu," Kathuri akasema, "hebu niambie wazi. Unataka gari aina gani?"

"Dogo."

"Hii Vitz ni ndogo."

"Ina milango minne ya watu. Huna ya milango miwili?"

"Ya milango miwili nitauzia nani huku, mzee? Huku watu wako na familia."

Mukami hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amesimama nyuma ya gari moja refu jeupe, Probox, amefungua mlango wa nyuma, na alikuwa anapima ndani kwa shibiri, polepole, akihesabu kwa midomo. Kathuri alicheka. Alisema hiyo ni gari ya kubeba miraa na trei za mayai, si ya msichana wa chuo.

"Mimi nataka hii," Mukami akasema.

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini, Baba?"

Nikatoa sababu. Nikasema petroli. Nikasema gari refu ni gumu kurudisha nyuma, na dereva mgeni lazima aanze na kitu anachoweza kukiona chote. Nikasema wavulana wa chuo watamgeuza teksi yao. Sababu zote zilikuwa nzuri na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Ukweli ni huu. Kule kwetu, ukinunua gari, umenunulia kijiji. Hakuna anayekuambia hivyo siku unapoleta gari na watu wa kanisa wanakuja kuliombea na kunywa chai. Unaambiwa siku mtoto wa jirani anapomeza kitu, au mzee anapoanguka shambani. Watu hawapigi simu kokote. Wanakuja langoni kwako. Na wakikuta gari ni kubwa, wanakuja na godoro. Nilitaka gari ambalo mtu akiliangalia kutoka langoni ataona mara moja kwamba halilazi mgonjwa, na ataenda kwa mwingine. Nilitaka mtoto wangu ahurumiwe na ukubwa wa gari lake. Kama huo ni ubinafsi, basi mimi ni mbinafsi, na siombi msamaha.

Nilikuwa na miaka kumi na nane mwenyewe, mwaka wa themanini na sita, na baba yangu alikuwa na pikapu ya Peugeot, gari pekee katika upande wetu wa mlima. Mimi nilikuwa nimejifunza kuendesha uwanjani, pale tunapopimia majani chai. Jumapili moja ya mwezi wa nne, baba akiwa amesafiri Meru, jirani yetu Njura alikuja langoni akikimbia. Mke wake, Celina, alikuwa amejifungua asubuhi na damu ilikuwa haikomi. Hakukuwa na dereva mwingine. Tulimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, Njura akakaa na kichwa chake mapajani, nikawasha gari kwenda hospitali Embu.

Lami ilikuwa inaanzia Runyenjes. Kabla ya hapo ilikuwa tope na mashimo tu. Niliogopa kumtikisa. Niliendesha kwa gia ya pili njia yote, na penye shimo nilikanyaga breki mpaka gari likasimama, ndipo nikalishusha shimoni taratibu. Karibu tufike kwenye lami nikasikia Njura anagonga paa la gari kwa kiganja. Hakugonga kwa nguvu. Nilisimama, na nilipotoka nikaona hakuna tena haja ya kwenda mbele.

Hakuna aliyenilaumu usoni. Lakini kwenye matanga nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba dereva angekuwa mtu mzima wangefika. Maneno hayo nimekaa nayo miaka thelathini na saba. Sikuendesha gari tena mpaka nilipooa. Kanisani Njura anakaa upande wa kulia, mimi ninakaa kushoto karibu na mlango, na ibada ikiisha mimi huwa wa kwanza kutoka. Nelius anajua. Watoto sikuwaambia.

Kwa hiyo nilimwambia Kathuri aandike Vitz.

"Baba, ngoja kwanza," Mukami akasema.

"Nimemaliza, Mami."

"Kwa hiyo mtu atalala wapi?"

Nikajifanya sijasikia. Nikatoa kitambulisho mfukoni nikampa Kathuri. Mukami akakichukua mkononi mwa Kathuri, kwa heshima lakini akakichukua, akaniomba tusogee kando. Tukasimama kati ya magari mawili.

"Mtu gani huyo wa kulala?" nikamuuliza.

"Mtu yeyote. Kama Celina wa Mzee Njura."

Sijui niliangalia wapi. Nakumbuka magurudumu tu.

"Nani amekuambia?"

"Mzee Njura mwenyewe. Aliniita siku nilipata leseni. Nilikuwa napita na maziwa, akasema nikae. Alitaka kunifunza kuendesha." Alijaribu kucheka ikashindikana. "Na yeye hajawahi kushika hata usukani. Akaniambia, endesha kama baba yako."

Hasira ilinipanda, nakiri. Nilidhani mzee ananikejeli, na kwa mdomo wa mtoto wangu. Nikamwambia Mukami anirudishie kitambulisho twende nyumbani, habari ya gari imekwisha.

"Baba, nisikize. Alisema akina mama waliomzalisha Celina walikuwa wamemwambia nyumbani, kabla hata aje kwenu. Walimwambia hatafika Embu. Yeye alikuja kukuita kwa sababu hangeweza kukaa tu. Alisema alijua tangu mkitoka langoni."

"Uongo. Anakufariji."

"Sasa anifariji mimi kwa nini? Mimi sikuwepo." Akafuta pua kwa mkono wa sweta, kama mtoto. "Alisema waliongea njia yote. Celina alimwambia huyo mtoto asipelekwe kwa nyanya, amlee yeye mwenyewe, hata watu wakimcheka. Akamwambia vile atamchanganyia uji. Akamwambia mambo mengine hakuniambia. Alisema, kama baba yako angekimbia, ningesikia injini tu."

Nilishika kioo cha gari lililokuwa karibu nami. Huyo mtoto nilimjua. Njura alimlea peke yake, akimbeba mgongoni mpaka shambani, na watu walimcheka kweli, nami nikiwa miongoni mwa waliotazama. Leo ni mwalimu mkuu huko Meru. Njura hakuoa tena. Sisi tulidhani ni ukaidi.

"Mbona hakuniambia?" nikasema. Sauti ilitoka kwa ukali nisioutaka. "Miaka yote hii, tunasali kanisa moja. Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema kila akikukaribia, unaondoka."

Ni kweli niliondoka. Niliondoka kila Jumapili, na niliondoka hata kwenye harusi ya huyo binti yake, kabla ya chakula, nikidanganya kwamba ng'ombe anazaa. Mzee wa watu alikuwa na kitu changu mkononi miaka yote hiyo, ananifuata nacho mpaka mlangoni, na mimi ninaongeza mwendo.

Nilitaka kuwa na furaha lakini haikuja. Kilichokuja kilikuwa aibu, na chini ya aibu hofu ileile, maana Celina alikuwa amekufa hata hivyo. Maneno ya Njura hayakumfufua. Na huyu msichana aliyesimama mbele yangu, asiyejua bado kuegesha gari bila kutoa ulimi nje, alikuwa anaomba kwa hiari yake kile nilichokuwa nimekimbia.

"Mami," nikasema, "wengine watakufia humo ndani."

"Najua."

"Hujui."

Akafikiri. "Sawa, sijui," akasema. "Lakini wakija langoni, na gari iko, na haiwezi kulaza mtu, nitawaambia nini? Si nitakuwa nimesimama tu hapo, nikiwaangalia wakienda?"

Nilimrudia Kathuri. Nikamuuliza kama siti za nyuma za Probox zinalala kabisa. Akasema zinalala sawasawa na sakafu, mzee, hata kitanda kinaingia, akazilaza. Nikavua kofia nikampa ashike. Kisha nikavua viatu, maana gari lilikuwa safi, nikapanda kwa nyuma na kujinyoosha chali, na kichwa upande wa dereva.

"Mzee, unafanya nini?" Kathuri akauliza.

"Ninapima. Wewe keti mbele na yeye. Mami, washa."

Tulitoka yadini taratibu tukashika barabara ya kwenda Runyenjes. Sikuwahi kulala ndani ya gari linalokwenda. Unaona vitu vya ajabu, nguzo za stima kutoka katikati kwenda juu, mawingu, vichwa vya miti ya mgrevilea, na huoni unapokwenda. Unamsikia tu anayeendesha. Nilimsikia Mukami akibadilisha gia, nikamsikia akivuta pumzi kabla ya kila tuta. Kathuri alikuwa anaeleza habari za injini na mimi nilitaka anyamaze. Machozi yalikuwa yanateremka pembeni na kuingia masikioni, na sikuyafuta kwa sababu kufuta kungeonekana kwenye kioo chake.

"Baba, unatosha?" akauliza.

"Miguu inakunjika kidogo. Mtu wa kawaida atatosha."

"Uko sawa?"

"Tazama barabara."

Akatazama barabara. Tulipita duka la mbegu na kanisa, kisha nyumba zikaisha pande zote mbili, nikajua kwa harufu kwamba tumefika kwenye mashamba ya kahawa. Nilitaka kumwambia mambo mengi na yakaja yote kwa mara moja, nikachagua moja.

"Mami."

"Naam, Baba."

"Wakija kukuita, usiende peke yako. Nipitie kwanza, hata niwe shambani. Wewe utaendesha, na mimi nitakaa huku nyuma na mgonjwa."

Alivuka tuta kwanza, taratibu. Kathuri alikuwa amenyamaza hatimaye.

"Sawa, Baba," akasema.

"Na leo tukifika nyumbani, kabla hata ya chai, unipeleke kwa Njura."